Kiwanja cha uzeeni pembeni ya ziwa: kabla hujauliza bei, uliza maji yaliwahi kufika wapi

Watu wa rika langu, sisi tulioanza kazi miaka ya tisini mwanzoni, mafao yakikaribia tu mawazo yanakimbilia kwenye kiwanja, na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa ukitaja kiwanja mtu anaona maji. Anataka baraza linalotazama ziwa, upepo wa jioni, sato anayetoka kwa mvuvi moja kwa moja, wajukuu wakija likizo wapate pa kukimbia. Mimi na mzee wangu, yaani mume wangu, tulitaka hivyo hivyo na tumepata, tuna kiwanja upande wa Kayenze huku Ilemela na nyumba imeshafika kwenye linta, kwahiyo siandiki ili nimkatishe mtu tamaa. Naandika kwa sababu kila siku kwenye magrupu ya WhatsApp naona zile video za droni zinapita juu ya maji, muziki mtamu, maandishi makubwa "viwanja vya bichi Mwanza, vinagusa maji, bei ya kutupa", halafu chini yake watu wanauliza namba ya dalali. Mimi ni nesi, nimestaafu, na najua hela inayoenda kulipia pale ni ya mtu aliyeshika chaki au kufunga vidonda vya watu miaka thelathini na kitu. Ikipotea hana umri wa kuitafuta tena.

Sasa jambo la kwanza, na kwangu ndo kubwa kuliko yote: hili ziwa halikai sehemu moja. Wengi tumezaliwa hapa lakini tunaliangalia kwa macho ya mwaka tulionao. Ziwa Victoria sehemu kubwa ya maji yake, kama asilimia 80 hivi, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, kule Jinja Uganda. Kwahiyo mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo maji hayana haraka ya kuondoka, yanapanda na kukaa. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili. Halafu 2006 likashuka sana, ukame ukichangia pamoja na maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya umeme huko Jinja, ufukwe ukawa mpana, watu wakalima mihogo na viazi sehemu ambazo baba zao walikuwa wanavua. Mei 2020 likapanda tena likavuka kidogo kile kiwango cha 1964, na 2024 likapanda zaidi hata ya hapo.

Ukiangalia hiyo mita moja, mita mbili, unaweza kusema ni kitu gani. Lakini mita mbili za kwenda juu, kwenye ardhi iliyolala tambarare, maji yanaingia ndani mbali sana. Kuna dada mmoja tulifanya naye kazi wodi moja, alinunua mwaka 2018, sehemu nzuri kwelikweli, mchanga mweupe, nyasi fupi, unashuka kwa miguu hatua chache tu uko majini. Ilipofika 2020 fensi yake ya nguzo za zege ilikuwa imesimama ndani ya maji na magugumaji yameshajaa mpaka kwenye msingi. Yule aliyemuuzia hakumdanganya hata neno moja, eneo lilikuwa lake halali na mipaka ni ile ile aliyomuonesha. Ila huyo dada hakupata mtu wa kumwambia kwamba pale ziwa huwa linakuja kulala.

Sisi tulibahatika, mzee wangu ni Msukuma wa Magu amekulia pembeni ya maji, akasema kabla ya kuongea na dalali tunaongea na wazee. Tukaelekezwa kwa mzee mmoja alikuwa mvuvi, tulimkuta chini ya mwembe anarekebisha nyavu, miguu ameinyoosha, nyavu ameishika kwa kidole gumba cha mguu. Dalali alikuwa anatufuata nyuma na simu yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mayu, karibuni."

Tukamweleza tunaulizia lile eneo la chini, na kwamba tungependa kujua maji yaliwahi kufika wapi. Hakujibu. Aliinuka, akachukua fimbo, akaanza kutembea, na alikuwa anatembea kulipa ziwa mgongo. Akapita kwenye mihogo ya watu, akapita kichuguu, mpaka kwenye jiwe kubwa moja la kijivu, haya mawe yetu ya Mwanza. Akagonga kwa fimbo. Kwenye jiwe, usawa wa goti langu, rangi inabadilika, chini kuna ukanda mweupe mweupe wenye magamba magamba, juu jiwe liko safi. Kwenye ufa mmoja kulikuwa na vigamba vidogo vya konokono vimeshikilia, vimekauka, ukivigusa vinavunjika.

"Mvua za Uhuru," akasema, yaani zile za 1961. "Mimi mtoto. Mtumbwi wa baba tulikuwa tunaufunga hapa."

Dalali akacheka kidogo akasema mzee hayo ni mambo ya zamani. Mzee akamgeukia taratibu, "Ya zamani? Na 2020 maji yaliporudi mpaka hapa wewe ulikuwa wapi?" Kijana akakaa kimya. Na mimi niligeuka nikaangalia lile eneo tulilokuwa tunaoneshwa, lote, kona zote nne, liko chini kuliko lile jiwe.

Kama huna mzee wa kukuonesha, ardhi yenyewe inasema. Angalia mimea, ukiona matete au mafunjo hata kama pamekauka, ujue maji yana mazoea ya kupita hapo. Chimba shimo. Sisi tulimlipa kijana achimbe mpaka kiunoni, udongo ulianza wa kichanga halafu ukawa mweusi wa kunata, umechanganyika na vigamba vyeupe vya konokono, na tulivyorudi kesho yake asubuhi chini kulikuwa na maji yametulia. Hilo shimo liliniambia vitu viwili. Kwanza ziwa limewahi kukaa hapo. Pili, na hili watu hawalifikirii kabisa, choo utachimba wapi? Sehemu ambayo maji yapo mita moja chini, shimo la choo linajaa masika bila mtu hata kulitumia, karo la maji machafu linavuja linaenda kwenye ziwa lile lile ambalo majirani wanachota ya kunywa. Mimi nimehudumia watu wa kuhara na kipindupindu, siwezi kujenga nyumba ya namna hiyo nikalala. Na kama unataka vipimo vyenyewe, ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria iko hapa hapa Mwanza, nenda uliza kina cha ziwa kimekuwaje miaka hiyo mikubwa, halafu mpe mpimaji wako akuoneshe kwenye ardhi inakuwa wapi.

Halafu kuna mita sitini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa, kingo za mto, bwawa. Sio mita sita, sitini. Sasa chukua hizo video za "kinagusa maji". Kama kiwanja kina urefu wa mita themanini na kinagusa maji kweli, sehemu unayoweza kusimamisha nyumba ni mita ishirini za mwisho, na hapo tunazungumzia maji ya leo, yakipanda hesabu inasogea. Lakini bei umepigiwa ya mita zote themanini! Utasikia "mbona fulani amejenga", ni kweli wamejenga, na ni kweli pia kila baada ya muda unasikia nyumba zimewekwa alama ya X nyekundu. Mtu kijana mwenye biashara zake anaweza kubahatisha. Mstaafu hapana, jamani, usijenge nyumba ya mwisho ya maisha yako sehemu ambayo kila ukiona gari la serikali linapaki moyo unadunda.

Kwahiyo tulipanda juu. Kiwanja chetu kinaanzia zaidi ya hapo kwenye mita sitini, kiko kwenye mwinuko, ziwa tunaliona lote na asubuhi tunaona mitumbwi ya dagaa inarudi na taa zake zimezimwa. Bei ilikuwa chini ya zile za ufukweni, ila huko juu unakutana na mawe, hilo nalo liweke kwenye bajeti. Mawe ya Mwanza ni baraka kwa msingi, utajenga msingi wa mawe imara kwa gharama nafuu kuliko mtu wa Dar, lakini kuna mengine yako pale pale unapotaka chumba. Vijana wanawasha moto juu ya jiwe, linapata joto masaa mengi mpaka linaanza kupasuka, halafu wanamalizia na nyundo, na ni kazi ya siku kwa siku na ya hatari, walipe vizuri. Jiwe likiwa kubwa kupita kiasi badilisha ramani ya nyumba, liache jiwe, kwetu jiko limehama upande kwa ajili hiyo. Na yale mawe yaliyopandiana juu ya mlima nyuma ya kiwanja yaangalie kwa makini, uliza kama yamewahi kuporomoka wakati wa mvua.

Upande wa karatasi nitaenda haraka kidogo maana haya yameshasemwa sana, ila kuna sehemu yanayumbisha watu. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ndo mdhamini, wewe unapata haki ya kuitumia kwa muda, 33, 66 au miaka 99, na unalipa kodi ya pango kila mwaka. Ukiwa Nyamagana au Ilemela uko mjini, unashughulika na mtaa na ofisi ya ardhi, unauliza eneo limepangwa kuwa nini kwenye ramani ya mipango miji. Kuna eneo moja tulilipenda sana, hata mwenye nalo alikuwa mtu mwema, kwenye ramani likasomeka eneo la wazi, tukamshukuru tukaondoka. Ukitoka ukaenda Magu, Sengerema, Ukerewe, huko sehemu kubwa ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999, hapo mwenyekiti peke yake na muhuri wake hatoshi, ni halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji wenye mihtasari. Kama kiwanja kina hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi uone jina, uone kama benki haijakishika. Malipo ya serikali yawe ya kontrol namba, na ukiambiwa kuna asilimia fulani ya bei inaenda mtaani, omba risiti na uliza kwa upole inatoka kwenye sheria ipi. Wakili wako awe wako, sio wa dalali.

Toka daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 madalali wamehamia upande ule kwa kasi, kila shamba la Sengerema sasa liko "dakika chache kutoka mjini". Ni kweli daraja limetuondolea foleni ya kivuko, zile kilomita tatu unavuka bila kuzima gari, nani hafurahi. Lakini dakika za darajani sio dakika za kutoka barabarani kwenda shambani. Pita hiyo njia mvua ikiwa imenyesha usiku, sio Julai. Mimi kila eneo tulilooneshwa nilikuwa nahesabu kitu kimoja, mzee wangu ana presha na sukari, akizidiwa saa nane usiku namfikishaje hospitali ya Bugando? Nani ana gari kijijini pale, ananifahamu, atapokea simu? Zahanati ya karibu ina nini? Kwa mtu wa miaka thelathini hayo ni maswali ya pembeni, kwa sisi ndo yanayoamua kiwanja. Maji nayo uliza, usishangae, unaweza kukaa unatazama ziwa lote lile na nyumbani huna bomba, unanunua maji kwa madumu.

Muuzaji wetu alikuwa mzee wa makamo, mpole, ana wake wawili. Siku ya kuandikishana alikuja na mke mdogo. Mzee wangu akauliza, mama mkubwa yuko wapi? Akajibiwa yuko shamba, hana neno. Tukasema basi tutasubiri, na tulisubiri kweli, akatumwa mtoto na baiskeli, mama akaja na jembe begani, matope mpaka magotini. Nikamsalimia nikampisha akae. Nikamuuliza mwenyewe, mama unajua tunanunua eneo hili? Alikaa kimya kwanza, akaangalia lile shamba, akasema michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya watoto wake ilikuwa inatoka hapo. Sio kwamba alikataa. Alikuwa anataka mtu amuulize. Wakaongea wenyewe pembeni kwa Kisukuma, mume akakubali sehemu ya hela anunue shamba lingine la viazi, iandikwe kwa jina la huyo mama, na ikaandikwa kwenye mkataba ule ule. Wake wote wawili wakaweka saini na dole gumba, watoto wakubwa wakashuhudia. Sheria inataka ridhaa ya mwenzi, ndiyo, lakini hata kama isingetaka, unawezaje kuzeeka kwa amani kwenye ardhi ambayo mama wa watu analalamika nayo kila akipita?

Afya. Nitasema kama nesi. Kichocho kipo ziwani, tena sana kwenye maji yaliyotulia yenye majani majani ambako konokono wanakaa, na hao wajukuu wa mjini ndo wanaingia majini masaa matatu wanacheza. Wakiogelea wapelekwe wapate dawa kwa ushauri wa hospitali, wasisubiri mpaka choo kikubwa kitoke na damu. Mbu wapo, nyavu za madirishani ziwekwe kabla ya rangi. Kuna na wale wadudu wadogo wa ziwani ambao siku zingine wanainuka juu ya maji kama moshi mweusi, upepo ukiwaleta kwako ndani ya nusu saa wako kwenye chakula, kwenye taa, kwenye masikio, hawana ugonjwa ila zima taa za nje ufunge madirisha. Na mamba na viboko, usimuamini anayesema hapa hawapo, waulize akina mama wanaochota maji.

Hao akina mama ndo nataka niwasemee. Katikati ya shamba tulilonunua kulikuwa na kinjia, chembamba, kinashuka mpaka majini. Fundi wa fensi akasema mama tunakifunga, watazunguka. Watazunguka wapi, mtu ana ndoo ya lita ishirini kichwani na mtoto mgongoni, umuongezee mlima? Tukamwambia mpimaji akiache nje, tukapoteza upana kidogo upande mmoja, na njia imebaki. Wanapita asubuhi wanasalimia, wameshatuletea dagaa, wameshatupigia simu tukiwa Dodoma kwamba kuna mtu anachimba mchanga kwenye kiwanja chenu. Hapa chini kuna mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, dagaa wanaanikwa, jua likipanda harufu inakuja, usiku injini zinalia. Mtu asiyependa hayo asinunue jirani na mwalo, maana hao watu ndo kazi yao na walikuwepo kabla yake, asije akaanza kuwaandikia barua.

Shemeji yangu aliyeko Ujerumani naye anataka jirani na sisi. Tatizo ameshachukua uraia wa huko, na sheria yetu ya ardhi ya 1999 asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Akaniambia dada andika jina lako, hela natuma mimi. Nimekataa, na nilimwambia kwa upendo kabisa, maana mimi nikifa leo watoto wangu wataona kiwanja cha mama yao, yeye atakuja na risiti za kutuma hela na familia itagawanyika. Sasa kuna hili suala la hadhi maalum kwa diaspora, nimemwelekeza kwa wakili amfafanulie anaingiaje.

Hati ya kwetu tumeomba itoke kwa majina mawili, langu na la mzee, umiliki wa pamoja, ili mmoja akitangulia anayebaki asianze kuitiwa vikao vya ukoo juu ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Bikoni za mipaka zimeshawekwa, nimezipiga picha zote na namba zake nikawatumia watoto. Vuli ikiisha mafundi wanarudi kupaua.